Jumapili za Malilio

Enzi zetu, sisi tuliolelewa mtaa wa Kabiria barabara ikiwa bado ya udongo mwekundu, Krismasi haikuanzia supamaketi. Ilianzia puani. Novemba ikielekea kwisha, mama alikuwa akirudi kutoka Muthangari, alikokuwa akifua nguo kwa nyumba za watu, amebeba gunia la matawi ya sipresi mgongoni. Yalikuwa mabaki tu, yale ambayo mtu wa shamba amekata akinyoosha ua la tajiri. Lakini gunia likishawekwa mlangoni, ploti nzima ya vyumba vya kupanga ilijua. Ile harufu iliingia vyumba vyote, ikapita juu ya harufu ya mafuta ya taa na ya choo cha pamoja, na watoto wakatoka mmoja mmoja kama sisimizi waliosikia sukari.

Nani anakumbuka? Disemba ilikuwa ya michezo ya bano na kati, ya kujificha tukicheza brikicho mpaka uitwe kwa jina lako lote la ubatizo, ya ulimi mwekundu kwa sababu ya mabuyu. Shule zimefungwa, soksi zimefuliwa na kufichwa mpaka Januari, na vidole vya miguu vinapumua kwa kandambili. Asubuhi ni chai na mandazi ya ngumu, mchana githeri ya mahindi na maharagwe, jioni sukuma wiki, kila siku. Lakini mama wa chumba cha mwisho akianza kununua unga mweupe kidogo kidogo na kuuficha juu ya kabati, habari ilitufikia, tukajua chapati zimeanza safari. Watoto wa siku hizi ukiwaambia tulikuwa tunangoja chapati mwaka mzima wanakuangalia kama umetoka kwenye Agano la Kale. Mimi nasuka nywele hapo mtaa wa Satellite, na thelathini sijafika, lakini nikianzisha hizi hadithi wasichana wa kidato cha tatu ninaowasuka huniita shosh, yaani nyanya.

Mama alikuwa na msemo wake wa mwezi huo. "Krismasi ni ya watoto. Sisi wakubwa tunaisimamia tu." Niliupenda sana. Sasa siusemi tena, na nitawaambia kwa nini.

Lile gunia la sipresi halikuwa letu. Lilikuwa la Mwalimu Peninah wa sande skul. Mwalimu alikuwa karani katika ofisi moja huko tauni, mtu wa Machakos, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyokufanya unyamaze ili uisikie. Siku za kazi ulimwona asubuhi amevaa sketi ya kupigwa pasi, Jumapili ulimwona ameketi sakafuni nasi katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa, sketi ile ile imejaa chaki. Hakuwa mwalimu wa kusema tu. Kila kitu tulikifanya kwa mikono. Shada la Majilio tulilitengeneza kwa rimu ya baiskeli aliyoomba kwa fundi, tukalizungushia sipresi tukifunga kwa uzi wa kushonea magunia, tukachomwa vidole tukacheka. Katika mchezo wa Krismasi, kondoo walikuwa watoto wadogo waliobandikwa pamba. Brayo, jirani yetu, alikuwa kondoo kila mwaka kwa sababu hakuna mtu aliyelia "mee" kama yeye, na hata alipoanza kuwa mkubwa kuliko mchungaji wake hakukubali kupandishwa cheo.

Sasa hilo neno, Majilio. Kasisi alilitangaza akitumia spika iliyokuwa ikikoroma, na sisi watoto tukasikia Malilio. Hatukushangaa. Tuliona ni jina la haki kabisa: zile Jumapili nne kabla ya Krismasi ni za kulia. Mwalimu alipotuuliza darasani maana yake, Kanini akainua mkono na kujibu kwa heshima kwamba ni wakati wa watu kulia ili Yesu asikie aje. Brayo akamuunga mkono, akasema ni ukweli, hata kuku hulia sana mwezi huo.

Mwalimu Peninah alicheka mpaka akatoa miwani. Kisha akachukua chaki, akaliandika kwa herufi kubwa, MAJILIO, na chini ya ile J akapiga mstari. Akatuambia si ya kulia, ni ya kuja. Mtu anakujilia, yuko njiani, na wewe unatengeneza nyumba. Tukarudia wote kwa sauti: si ya kulia, ni ya kuja. Tuliimba hivyo mpaka nyumbani, tukipiga mabati ya watu kwa vijiti.

Kanini ndiye aliyeimba kuliko wote.

Niwaambie Kanini alikuwa nani. Aliishi mlango wa pili kutoka kwetu na mamake mdogo, Aunti Mwikali, aliyekuwa akiuza mboga barabarani. Mamake mwenyewe alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Mwanzoni alipiga simu, na tulipokuwa tunasikia Aunti Mwikali akiita "Kanini, mama!" mimi pia nilikimbia, kwa sababu mamake alikuwa akinisalimia kwa jina. Alisema huko kuna jua kama jiko. Alisema atakuja Krismasi. Kisha simu zikapungua, na Aunti Mwikali akawa akisema kila akiulizwa, "Atakuja Krismasi, si alikwambia?"

Kwa hivyo mnaona. Mtoto anaambiwa nyumbani kwamba mama yuko njiani. Anaenda kanisani, anaambiwa hizi ni Jumapili za kuja, washa mshumaa mmoja kila wiki, ukifika wa nne ni Krismasi. Kanini alijumlisha hiyo hesabu yake mwenyewe. Mishumaa ile haikuwa ya Yesu peke yake. Siku ya mshumaa wa kwanza alimvuta Mwalimu sketi, akamwambia, "Mwalimu, tuwashe zote leo tumalize." Mwalimu akamjibu kwamba kungoja ndiyo kazi yenyewe. Kanini akakubali, lakini akaomba jambo moja, kwamba awe yeye wa kushika kiberiti Jumapili zote. Akapewa.

Shida ilikuwa rangi. Mishumaa mitatu inapaswa kuwa ya zambarau na mmoja wa waridi, ule wa Jumapili ya tatu, Jumapili ya furaha. Mwalimu alizunguka tauni yote saa ya chakula cha mchana, maduka ya River Road mpaka yale ya karibu na soko, akapata myeupe tu, ile ya stima ikipotea. Ya zambarau tuliitengeneza kwa kuyeyusha krayoni juu yake. Waridi hatukuwa nayo. Krayoni ya waridi ilikuwa imeliwa, na siwezi kuthibitisha lakini kulikuwa na kondoo mmoja aliyekuwa na meno ya waridi wiki hiyo.

Ndipo Kanini akaja na kichupa cha rangi ya kucha. Ilikuwa ya mamake. Aliisahau kwenye dirisha alipokuwa akifunga mzigo, na Kanini alikuwa akiifungua mara moja moja kunusa, kisha anaifunga haraka isikauke. Mwalimu alimuuliza kama ana uhakika, kwa sababu tukiipaka haitabaki. Kanini akasema haina shida, yeye mwenyewe anakuja. Tukaupaka ule mshumaa kuanzia juu mpaka chini. Kichupa kikaisha. Tukakipangusa ndani kwa kijiti ili tufunike pale chini palipobaki peupe.

Niliyoyajua wakati ule ni hayo tu. Mengine niliyajua baadaye, nikiwa msichana mkubwa, mama akiniambia huku anachambua mboga na haniangalii. Siku tuliyopaka mshumaa, mamake Kanini alikuwa ameshakufa. Simu ilikuja kwa Aunti Mwikali akiwa kazini, na akafunika mboga zake, akaenda moja kwa moja kwa kasisi. Hadi leo sijui alikufa kwa nini. Wakubwa walisema "moyo", kwa ile sauti ya mtu anayesoma kitu asichokiamini. Mwili ulikuwa umekwama huko kwa sababu ya karatasi, na waliambiwa pengine utafika Januari, pengine baadaye. Kwa hivyo wakaketi, Aunti Mwikali, kasisi, Mwalimu Peninah, mama yangu na akina mama wengine wa kanisa, wakakubaliana mtoto asiambiwe. Ale Krismasi yake kwanza. Krismasi ni ya watoto, wakubwa wanaisimamia tu.

Nawaza sana kuhusu hicho kikao. Hakukuwa na mtu mbaya ndani yake.

Sisi tulichoona ni kwamba watu wakubwa wamekuwa wapole. Aunti Mwikali hakumtuma Kanini maji wiki hiyo. Mama wa chumba cha mwisho, yule wa unga, ambaye hata sadaka ya Mungu aliitoa kwa masharti, alimpa Kanini ndizi mbili bila sababu. Tulikuwa tukiingia mahali na mazungumzo yanakufa. Kanini aliniambia anajua wanachoficha: mama ametuma zawadi na haitakiwi aone.

Jumapili ya furaha ikafika. Kanini akawasha mishumaa miwili ya zambarau, kisha ule wa waridi. Rangi ya kucha ikashika moto kabla ya utambi. Mwali ukaruka, ukafanya tsss, watoto wa mbele wakarudi nyuma wakiangukiana, na chumba chote kikanuka kama saluni. Mwalimu akaushika ule mshumaa usianguke, akageuza uso pembeni, nasi tukadhani ni kwa sababu ya moto. Kanini hakurudi nyuma. Alisogea karibu, akafunga macho, akavuta pumzi.

"Inanuka mama," akasema.

Mwalimu Peninah akatoka nje. Tukamsikia huko akipenga kamasi. Brayo akatuambia ni moshi.

Halafu ikaja Jumamosi ya mazoezi, siku moja kabla ya mshumaa wa nne. Jua lilikuwa kali, mabati yanalia kwa joto, na sipresi ya shada imeanza kukauka na kudondosha. Tulikuwa tumejipanga, kondoo upande mmoja, malaika upande wa pili, Kanini katikati na kiberiti chake. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama mmoja wa kanisa, amekimbia, leso imemtoka kichwani, na nadhani macho yake yalikuwa bado na jua, hakuona ni nani waliomo. Akamwambia Mwalimu, "Amekuja. Gari limetoka eapoti, tuende."

Ni hivyo watu wetu husema. Hata mtu akiwa ndani ya sanduku, wanasema amekuja, amefika, amelala wapi. Ni heshima. Tunakataa kumwita mwili. Karatasi zilikuwa zimetoka mapema kuliko walivyoambiwa.

Kanini alikiachilia kiberiti, njiti zikamwagika chini. Hakupiga kelele. Alisema tu polepole, kama mtu aliyeshinda kesi, "Nilijua ni leo," na akatoka mbio. Nikamfuata. Tulikimbia mpaka kwenye geti la kanisa, akasimama hapo na mkono juu ya macho, akiangalia kila teksi inayoinuka na vumbi kutoka upande wa Riruta. Akaniuliza kama ana mabuyu mdomoni. Alikuwa nayo. Nikampangusa kwa pindo la gauni langu, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha.

Mwalimu akatufikia akihema, kiatu kimoja kimebaki njiani. Akachuchumaa kwenye ule udongo mwekundu, na ile sketi yake.

"Kanini," akasema, "mama amekuja. Lakini hajakuja akitembea."

"Najua. Amekuja na ndege."

"Amekuja na ndege. Amebebwa."

Kanini akamwangalia, kisha akaangalia barabara, kisha akarudi kwake. "Ni mgonjwa?"

"Alikuwa mgonjwa. Sasa si mgonjwa tena."

Mtoto wa Kabiria anajua hilo neno linaelekea wapi. Tulishapanga foleni kwenye matanga mengi kabla hatujajua hesabu za kugawanya. Niliona linaingia usoni mwake polepole, kama maji kwenye nguo. Na bado hakulia. Alikuwa na swali kwanza.

"Mwalimu, si ulisema si ya kulia."

"Nilisema."

"Na ukaandika kwa ubao. Ukapiga mstari."

Mwalimu Peninah akamshika mabega. Akasema, "Niliandika nusu." Akamvuta, akamkumbatia hapo chini, na hapo ndipo Kanini alipolia. Sijawahi kusikia sauti ile tena, na sitaki. Watoto wengine walikuwa wameshatoka, mabawa ya karatasi na pamba, wakalia wote bila kuambiwa wanalia nini. Brayo alilia akiwa na masikio yake ya kondoo. Watu waliopita barabarani walidhani ni mchezo wa Krismasi, mmoja akatupigia makofi.

Kesho yake, Jumapili, mshumaa wa nne haukuwashwa. Hakuna aliyekataza. Mwalimu alikiweka kiberiti mezani akatuangalia, na hakuna mtoto aliyenyanyuka, kwa sababu kazi ile ilikuwa na mwenyewe. Tukaimba mbele ya mishumaa mitatu, ule wa waridi umebaki kama kidole. Kisha watu wakasafiri kwenda Mwingi kuzika, na Kanini akaenda akiwa mbele kwenye gari, ameketi juu ya mapaja ya Aunti Mwikali, amevaa lile gauni la mazoezi. Alinipungia mkono. Alibaki huko kwa nyanyake. Aunti Mwikali alihama ploti kabla ya Pasaka, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona rafiki yangu. Chapati zilipikwa mwaka huo kama kawaida. Mama alinisukumia sahani, akaniambia nile. Nilikula. Zilikuwa tamu, na hilo pia liliniudhi.

Siku hizi Mwalimu wa sande skul ni mimi. Msicheke. Sikusoma mbali, lakini naota mchana kweupe, na ndoto zangu zote zina watoto ndani: chumba chenye madirisha makubwa, kuta za rangi, vikombe vya uji visivyovunjika. Kwa sasa chumba ni kile kile cha mabati, ila tumewekewa sakafu ya vigae. Mwezi huu tumepewa kazi, mimi na vijana wenzangu, kupanga Majilio ya watoto. Tuna grupu kwenye simu, na mawazo yanamiminika. Mmoja anataka projekta na katuni. Mwingine anataka kasri ya kuruka, ile ya mpira inayojazwa hewa. Kuna aliyeona ile kalenda yenye vidirisha na peremende, unafungua kimoja kila siku. Mishumaa ya waridi mizuri inauzwa dukani, haihitaji kupakwa na hainuki chochote. Watoto wenyewe wanajua Krismasi kupitia simu za baba zao, na ukiwapa tawi la sipresi washike wanauliza kama linauma.

Wazo lililopendwa na wengi ni nyota. Kila mtoto apewe nyota ya karatasi, aandike "Namngoja" na jina, tuzitundike, na Jumapili ya nne tuseme wote kwa pamoja kwamba anakuja. Ni wazo zuri. Nililiangalia kwenye simu nikiwa nimeshika nywele za mteja, nikasahau kusuka mpaka akaniuliza kama nimelala.

Kwa sababu darasani kwangu kuna Taby. Ana pengo mbele na maswali mengi. Mamake aliondoka kwenda kule kule, kazi ile ile, na babake amemwambia atakuja Krismasi. Siku hizi wanaonana kwa video. Taby ameniambia mamake yuko sawa, amenenepa, ana shungi nzuri. Sina sababu ya kuogopa. Kila Jumapili namuuliza kama mama amepiga, nauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa, na akisema ndiyo naendelea na somo.

Niliwajibu wenzangu kwamba nyota ziwepo, ila ile sehemu ya kuahidi tuitoe. Mtoto aseme anamngoja nani, sisi tumsikilize, na mtu mzima yeyote asimwambie ni lini. Mmoja akaniandikia, "Siste, ni Krismasi, wachia watoto wafurahi." Nikaifunga simu. Ningeanzia wapi? Sisi tulikuwa na furaha nyingi sana. Tulikuwa na rimu ya baiskeli, pamba, krayoni, mwalimu aliyeketi sakafuni. Watoto wa sasa wana projekta na vigae. Kitu ambacho sisi hatukupewa, na wao sijui kama watapewa, ni mtu mkubwa wa kuwaambia neno lote.

Jumapili iliyopita niliandika programu kwenye ubao. Siku hizi ni ubao mweupe na kalamu ya maka, ukipitisha kidole tu neno linatoka. Spika ya kanisa, hata hivyo, bado ni ya kukoroma. Taby akainua mkono.

"Mwalimu, Malilio inaanza lini?"

Wenzake wakamcheka, wakamzomea, mmoja akaniomba nimsahihishe. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliiangalia ile J niliyokuwa nimeiandika, na sikuipigia mstari.

"Jumapili ijayo," nikamwambia. "Utakaa karibu na mimi."